Jina la Sharish na Mvinyo Wake

Jina la mji ni mali ya wenyeji wake, na mali ya namna hii huweza kuibwa pasipo mlango kuvunjwa. Ushahidi wa neno hili twaupata Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania lenye jua kali, katika mji ambao Waarabu waliuita Sharish. Alfonso wa Kumi, mfalme wa Kastilia, aliutwaa mwaka 1264. Wahispania waliliandika jina hilo Xerez, na siku hizi Jerez. Waingereza, kwa ulimi wao, walilifanya sherry.

Mvinyo wa Jerez hutoka katika zabibu nyeupe ziotazo juu ya udongo wa chokaa, ambao huhifadhi maji ya mvua mpaka kiangazi. Ukiisha kuchacha hutiwa spiriti ya zabibu. Ule unaofikishwa asilimia 15 hivi hufunikwa na utando wa hamira uukingao na hewa; ule unaofikishwa 17 au zaidi haupati utando huo, na rangi yake hugeuka hudhurungi. Ulio mtamu kabisa hutokana na zabibu za Pedro Ximénez, zianikwazo juani hata zikanyauka. Kisha mvinyo huwekwa katika mapipa yaliyopangwa kwa umri. Pipa la zamani huchotwa sehemu tu, na pengo lake hujazwa kutoka kwa lile linalolifuata. Hivyo mvinyo mchanga hulelewa na mkongwe, na kazi ya baba hubaki ndani ya kazi ya mwana.

Uingereza iliupenda mno mvinyo huu. Yasemekana Francis Drake, alipoishambulia bandari ya Cádiz mwaka 1587, aliondoka na mapipa yapatayo 2,900. Baadaye watu walianza kulichukua jina lenyewe: vinywaji vilivyotengenezwa Afrika Kusini, Australia, Cyprus na hata Uingereza viliuzwa kwa jina la sherry.

Kanuni za kulilinda jina zilitangazwa Hispania mwaka 1935, lakini ng'ambo hazikuwa na nguvu. Shauri lilipofika mahakamani London, hukumu ya mwaka 1967 ilikiri kwamba neno sherry, likisimama peke yake, ni la mvinyo wa Jerez. Hata hivyo waigaji waliruhusiwa kuendelea kusema "sherry ya Uingereza" au "ya Australia", kwa sababu wenye haki walikuwa wamenyamaza muda mrefu mno. Uigaji huo ulikoma katika Jumuiya ya Ulaya mwishoni mwa mwaka 1995, baada ya Hispania kujiunga mwaka 1986.

Sisi tulioipata lugha ya mvinyo kwa Wareno twajua kwamba maneno husafiri, wala safari si kosa. Kosa ni kumnyima mkulima jina ambalo jasho lake ndilo lililolipa thamani. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Jerez waliujenga ukuta wao kwa miaka sitini.