Mistari 819 iliyoshindwa

Novemba 1948 serikali ya Ufaransa ilitoa amri kwamba runinga ya nchi hiyo irushwe kwa mistari 819. Aliyeitia saini alikuwa mwanasiasa wa miaka 32 aliyeshughulikia habari serikalini, François Mitterrand. Wakati huo Waingereza walikuwa na mistari 405 na Wamarekani 525, na kwa kuwa picha ya runinga ya zamani ilichorwa mstari kwa mstari, wingi wa mistari ndio uliokuwa kipimo cha ukali wake. Kwa kipimo hicho, hakuna nchi iliyorushia wananchi wake picha nzuri kuliko Ufaransa. Hata hivyo, chaneli ya pili ilipofunguliwa mwaka 1964 ilikuja kwa mistari 625, na rangi zilipowasili Oktoba 1967 zilipitia chaneli hiyohiyo ya pili. Mfaransa aliyetaka kuona rangi, au kuwa na chaneli mbili badala ya moja, alilazimika kuacha karibu robo ya mistari yake. Akaiacha. Mfumo wa 819 ulizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na rais wa nchi wakati huo alikuwa Mitterrand yuleyule.

Wahandisi wana sababu zao za kifo hicho, na ni za kweli: mistari 819 ilikula masafa karibu mara mbili ya 625, na majirani wengi wa Ulaya hawakuitaka. Lakini sababu hizo zingekutana na ukuta kama watazamaji wangeuthamini ukali wa picha kuliko vitu vingine. Hawakuuthamini hivyo, na tangu hapo historia ya runinga imerudia jambo hilo mara nyingi. Dai la makala haya si kwamba mtazamaji wa kawaida ni kipofu wa ubora. Anauona, ila anao mpaka wake: akishaweza kumtambua mtu usoni, kufuata mpira ulipo na kusikia kinachosemwa bila kukatizwa, kila nukta inayoongezwa juu ya hapo ataipokea ikija bure, lakini si rahisi aitoe pesa mfukoni kwa ajili yake.

Uingereza ni ushahidi wa pili. Novemba 1936 BBC ilianza kurusha matangazo kutoka Alexandra Palace kwa mifumo miwili iliyopokezana: wa John Logie Baird wenye mistari 240 na wa Marconi-EMI wenye 405. Mapema 1937 ule wa Baird uliondolewa, na hapo tofauti ilikuwa kubwa kweli, maana kamera za Baird zilikuwa mzigo hata kwa watangazaji wenyewe. Mwaka 1964 BBC2 ilizinduliwa kwa mistari 625, picha iliyo bora waziwazi, na ungetarajia watu wakimbilie dukani. Badala yake mistari 405 iliendelea kurushwa miaka 20 zaidi, hadi Januari 1985, kwa sababu seti za zamani zilikuwa bado zinawaka sebuleni na wenyewe hawakuona haja ya kuzitupa. Hata mwaka 2018 kaya zaidi ya 7,000 za Uingereza zilikuwa bado zinalipia leseni ya runinga ya picha nyeusi na nyeupe. Atakayesema walifuata unafuu wa bei, kwa kuwa leseni hiyo iligharimu pauni 50.50 na ya rangi pauni 150.50, atakuwa amesema kweli, na atakuwa ametaja pia thamani ambayo watu hao waliipa rangi: haikufika pauni 100 kwa mwaka.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapoingia, nalo ni rangi yenyewe. Wachache hao ni masalia tu. Mamilioni walinunua runinga za rangi, tena kwa hamu. Zanzibar ilipoanzisha kituo chake mwaka 1973, chini ya Rais Aboud Jumbe, ilianza moja kwa moja na rangi, ikawa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha runinga mpaka mwaka 1994. Sifa hiyo Wazanzibari wanaikumbuka hadi leo. Basi si ushahidi kwamba ubora una uzito? Ni ushahidi, lakini tuangalie ni ubora wa aina gani. Rangi inaleta habari ambayo haikuwepo: timu ipi imevaa nyekundu, kanga ile ni ya rangi gani. Anayepita dirishani huiona akiwa bado barabarani, bila kuwekewa seti mbili ubavu kwa ubavu alinganishe. Mistari inayoongezwa haileti habari ya aina hiyo. Inachonga tu kile ambacho tayari kinaonekana.

Kanda za video zinaeleza zaidi. Betamax ya Sony ilitoka mwaka 1975, VHS ya JVC mwaka uliofuata. Wajuzi waliipa Betamax alama za juu kidogo kwa picha, lakini kanda zake za mwanzo zilichukua saa moja na za VHS saa mbili, na filamu nyingi haziishi ndani ya saa moja. VHS ikashinda. Mwaka 1987 ilikuja S-VHS yenye picha kali zaidi, lakini haikuweza kuiondoa VHS ya kawaida majumbani. Kisha ikaja VCD mwaka 1993, ambayo picha yake haikuwa bora kwa namna yoyote ya maana kuliko kanda iliyotunzwa vizuri, nayo ikaenea Asia na Afrika kwa sababu ilikuwa rahisi kunakili na ya bei nafuu. Katika vibanda umiza vya Tanzania na vibanda vya video vya Uganda watu walilipa kiingilio kutazama nakala ya nakala, nyuso zimefifia na rangi zimevuja. Kilichowavuta ni filamu, na mara nyingi sauti ya mfasiri aliyeisimulia upya: Lufufu Dar es Salaam, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Kampala. Simulizi hilo liliongeza maana mahali ambapo picha ilikuwa imepungukiwa.

Pengine msomaji atasema huo ni umaskini, na kwamba mwenye hiari angechagua picha safi. Jibu liko kwa matajiri. Julai 1969 watu wanaokadiriwa kufika milioni 600 walitazama binadamu akikanyaga Mwezi kwa picha iliyotoka huko ikiwa na mistari 320 na fremu 10 kwa sekunde, kisha ikapigwa tena na kamera iliyoelekezwa kwenye kioo ili iendane na mfumo wa kawaida. Ilikuwa vivuli vitupu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Marekani ilipokuwa ikijadili runinga ya picha kali iliyofanyiwa kazi na NHK ya Japani tangu miaka ya 1960, mtafiti W. Russell Neuman wa MIT aliwaonyesha watu wa kawaida mfumo wa zamani na ule mpya. Upendeleo wao kwa ule mpya ulikuwa mdogo kuliko wenye viwanda walivyotumaini, na ulibadilika kulingana na kipindi na umbali wa kukaa. Umbali huo una hesabu yake. Jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kiasi cha sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Kwa runinga ya inchi 32, anayekaa zaidi ya mita 2 hawezi kunufaika na nukta zinazozidi mistari 720 au karibu na hapo. Kwa ya inchi 55, picha ya 4K na ile ya mistari 1080 huanza kufanana mbele ya macho yake kuanzia mita 2 na kidogo. Sebule nyingi zina makochi yaliyo mbali kuliko hivyo.

Afrika Mashariki ilijaribu jambo hili kwa kiwango cha mataifa mazima. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na moja ya ahadi kuu ilikuwa picha safi isiyo na chenga. Ahadi ilitimia, lakini mjadala mitaani ulikuwa juu ya bei ya ving'amuzi na chaneli zinazopotea kifurushi kikiisha. Kenya ilipozima mwezi Februari 2015, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu kutokana na mvutano wa vyombo hivyo na mamlaka ya mawasiliano. Chaneli zilizobaki zilikuwa na picha ya dijitali, na usafi huo haukumfariji mtu aliyekosa taarifa ya habari na tamthilia alizozizoea. Tena dijitali ilileta kasoro mpya. Chini ya analojia mawimbi dhaifu yalimaanisha chenga, na mwenye subira aliweza kufuata mechi nzima katikati ya chenga. Dijitali haina katikati: picha ni safi, au inaganda na kukatika vipandevipande pamoja na sauti. Vipimo vya maabara huipa dijitali ushindi, lakini kwa aliye pembezoni mwa mji, mbali na mnara, kilichoboreshwa ni kile alichokuwa anakivumilia na kilichoharibiwa ni kile asichoweza kukivumilia.

Linabaki pingamizi la madukani: mbona kila mtu ametupa TV ya chogo na kununua bapa? Alinunua ukubwa na wembamba, na baada ya muda chogo halikuuzwa tena hata kwa aliyelitaka. Pale ambapo ubora uliuzwa peke yake, uliporomoka. Runinga za 3D zilijaa sokoni mwaka 2010, na kufikia 2017 LG na Sony, waliokuwa wa mwisho kati ya wakubwa, walikuwa wameacha kuziunda. Azam TV ya Tanzania, iliyoanza 2013, iliingia majumbani kwa Ligi Kuu ya soka ya nchi hiyo, na mwaka 2021 kampuni yake ilikubali kulipa zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa haki za ligi hiyo kwa miaka 10. Fedha zinakwenda kwa Simba na Yanga kabla hazijafika kwenye nukta.

Warushaji wanalijua hili, na namna wanavyogawa masafa inawaumbua. Njia moja ya dijitali inaweza kubeba chaneli chache zenye picha kali au nyingi zenye picha ya kawaida, na mara nyingi huchaguliwa nyingi, zikibanwa kila moja kadiri inavyovumilika. Kwa mhubiri aliyekaa kitini au mtangazaji wa habari, kubanwa huko hakuonekani. Kwenye mpira kunaonekana: nyasi zinageuka rangi moja iliyopakwa, na shuti la mbali linakuwa alama inayokimbia. Hapo mtazamaji hulalamika, kwa sauti, na ana haki, kwa kuwa mpira umepita chini ya ule mpaka wake.