Degedege na Malaria: Suala la Msamiati katika Historia ya Afya Tanzania

Baada ya uhuru wa 1961, Mwalimu Julius Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa kuwa maadui hao walisaidiana, maradhi nayo yalipigwa vita kwa elimu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakasoma vitabu vya Kiswahili chepesi, wakajadiliana, kisha wakatoka kufyeka nyasi, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Malaria ilikuwa miongoni mwa masomo yao. Hapana shaka kwamba bila lugha moja ya taifa kazi hiyo isingewezekana.

Hata hivyo, lugha moja si lazima iwe na maana moja. Neno malaria lilitoka hospitalini. Nyumbani palikuwa na homa, na palikuwa na degedege: mtoto hukakamaa, hutupatupa viungo, macho yakageuka. Daktari aliona humo, mara nyingi, malaria kali. Wazazi wengi, hasa wa pwani, waliona maradhi mengine kabisa, yaliyoletwa na ndege au pepo apitaye usiku. Na wapo walioamini kwamba sindano ingemwua mtoto wa namna hiyo. Hivyo mzazi aliyeshika barabara somo la mbu aliweza, bila kujipinga hata chembe, kumpeleka mwanawe kwa mganga na kuchelewa kufika hospitali. Kuuita ujinga ni kukosea (ingawa ndivyo ulivyoitwa mara nyingi). Somo lilihusu malaria. Mtoto alikuwa na degedege.

Waelimishaji wa afya wa miaka ya baadaye walilichukua neno hilo la nyumbani, wakalitaja waziwazi kuwa dalili ya hatari. Mwelekeo huohuo waonekana katika majina ya dawa. Klorokwini iliachwa mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea. Iliyofuata nayo ikadhoofika. Dawa iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2006 ilikuwa muungano wa dawa mbili, nayo ikaitwa dawa mseto. Mseto ni chakula cha mchele na choroko zilizopikwa pamoja, na kila mpishi alijua maana yake kabla ya mganga wa zahanati kufungua kinywa.