Mkono wa China, Mkono Mtupu: Jina la Karate na Nasaba za Walimu wa Okinawa

Neno karate limekwisha kuingia katika Kiswahili pamoja na mchezo wenyewe, na anayelitumia hana haja ya kujua lilikotoka. Vitabu vya mchezo huo hulifasiri kwa maneno mawili, «mkono mtupu», kisha husimulia jinsi wakulima wa kisiwa cha Okinawa, walionyang'anywa silaha na watawala wao, walivyojifunza kupigana bila kitu mkononi. Fasiri hiyo ni sahihi kwa maandishi ya leo. Hata hivyo haijatimiza karne moja na nusu, na hadithi inayoiandama haipatani na tunayoyajua kuhusu watu walioirithisha sanaa hiyo. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba jina lilibadilishwa kwa makusudi, na kwamba badiliko hilo liliwezekana katika lugha moja tu, nayo si lugha ya Okinawa.

Okinawa ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Ryukyu, baina ya Japani na Taiwan. Mwaka 1429 Sho Hashi aliziunganisha falme tatu za kisiwa hicho, makao yake yakiwa Shuri. Tangu mwaka 1372 mojawapo ya falme hizo ilikuwa ikipeleka tunu kwa mfalme mkuu wa China, na uhusiano huo ulidumu karne tano. Familia za Kichina zilikaa Kume, karibu na bandari ya Naha. Wajumbe na wanafunzi wa Ryukyu nao walishukia Fuzhou. Mwaka 1609 jeshi la Satsuma, kutoka kusini mwa Japani, liliuteka ufalme huo lakini halikuuvunja, maana biashara yake na China ilikuwa na faida. Ni serikali ya Japani iliyoufuta mwaka 1879 na kuufanya mkoa.

Kwa watu wa Shuri na Naha, basi, China ilikuwa chimbuko la elimu na heshima. Sanaa ya mapigano waliiita kwa Kiokinawa ti, yaani «mkono», au todi, «mkono wa Tang», Tang likiwa jina la ukoo wa wafalme lililokuja kuitaja nchi nzima ya China. Mwaka 1762 chombo cha Ryukyu kilisukumwa na tufani hadi pwani ya Tosa, huko Japani. Waliokuwamo walihojiwa, na maelezo yao yakaandikwa katika kitabu kiitwacho Oshima Hikki. Humo wanamtaja Mchina aliyeitwa Koshankun, aliyefika Ryukyu na kuwaonyesha wenyeji ufundi wa kumshinda mtu kwa mikono. Mfululizo mmoja wa miondoko (mfululizo wa namna hiyo huitwa kata) unabeba jina lake mpaka leo: Kushanku.

Je, wale wakulima? Hadithi yao huegemezwa juu ya mwandiko uliochongwa mwaka 1509, zama za Mfalme Sho Shin, ambao wengine waliusoma kuwa amri ya kuwapokonya watu silaha. Wengine wamesoma maneno yale yale kinyume: kwamba mfalme aliweka akiba ya panga na pinde kwa ulinzi wa nchi. Sisi twaona hoja yenye uzito zaidi imo katika majina. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi katika jumba la wafalme, Itosu Anko (1831-1915) karani wa serikali ya kifalme, na Motobu Choki (1870-1944) alizaliwa katika tawi la ukoo wa mfalme. Nasaba za karate ni nasaba za watumishi wa jumba la Shuri na jamaa zao, waliopoteza vyeo ufalme ulipofutwa. Umaskini wao ulikuja baadaye, na huenda ndio uliorahisisha kuwageuza wakulima katika masimulizi.

Itosu ndiye aliyeitoa sanaa hiyo sirini. Mwaka 1901 iliingizwa katika shule ya msingi ya Shuri, kisha mwaka 1905 katika shule ya kati, na mwaka 1908 aliandika barua yenye vifungu kumi akieleza faida zake kwa afya na kwa jeshi. Shule hizo zilifundisha kwa Kijapani. Katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne, mwanafunzi aliyesikika akisema Kiokinawa alivikwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake wa kumkabidhi. Baadhi ya wasomaji wetu hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Hapa ndipo isimu inapoweza kusaidia historia. Alama ya maandishi inayomaanisha Tang husomeka kwa Kijapani kara. Neno jingine la Kijapani, lenye matamshi hayohayo na alama tofauti, lamaanisha «tupu». Mwandishi anaweza kubadili alama bila msikilizaji kugundua lolote. Kwa Kiokinawa hila hiyo haiwezekani, kwani to ya todi haina pacha mwenye maana ya utupu. Hanashiro Chomo alitumia alama ya «tupu» mwaka 1905. Funakoshi Gichin (1868-1957), mzaliwa wa Shuri aliyeonyesha sanaa hiyo Tokyo mwaka 1922, bado aliandika Tang katika kitabu chake cha mwaka huo. Baadaye aliiacha, akabadili hata majina ya kata: Kushanku ikawa Kanku, Pinan ikawa Heian. Tarehe 25 Oktoba 1936 walimu walikutana Naha kwa mwaliko wa gazeti Ryukyu Shimpo, wakakubaliana juu ya «mkono mtupu». Hanashiro mwenyewe alikumbusha mkutanoni kwamba zamani watu walisema todi, au ti tu. Miezi tisa baadaye Japani na China zilikuwa vitani.

Majina ya madhehebu nayo ni ya karne hiyohiyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930 mwanafunzi wa Miyagi Chojun (1888-1953) aliulizwa Tokyo jina la shule yake, akakosa la kujibu. Ndipo Miyagi akachagua Goju, «ngumu na laini». Mabuni Kenwa (1889-1952) alikuwa na walimu wawili, Itosu wa Shuri na Higaonna Kanryo wa Naha. Alichukua alama ya kwanza ya kila jina na kuisoma kwa matamshi yenye asili ya Kichina: Ito ikawa shi, Higa ikawa to, na shule ikaitwa Shito. Anayechora nasaba hizi mfano wa mti wenye matawi yasiyokutana ataona Mabuni hana pa kukaa. Sisi wanaisimu tumekwisha kukutana na tatizo hilo katika kupanga jamaa za lugha.

Vita vya mwaka 1945 viliteketeza jumba la Shuri pamoja na hati nyingi, na walimu kadhaa walikufa. Kiokinawa kimo katika orodha ya UNESCO ya mwaka 2009 ya lugha zilizo hatarini. Mwaka 2005 bunge la mkoa wa Okinawa liliamua kuwa na Siku ya Karate, likachagua tarehe 25 Oktoba.