Vifundo vya maumivu ya misuli

Vifundo vya maumivu ya misuli ni sehemu ndogo zilizokaza ndani ya msuli ambazo huuma zikibonyezwa na ambazo mara nyingi hupeleka maumivu mahali pengine mwilini. Chini ya kidole kifundo huhisiwa kama punje ya choroko au ya harage iliyo ndani ya kamba iliyovutwa. Tiba ya vifundo ni jumla ya njia zinazotumika kuvilegeza: kuvibonyeza kwa kidole au kwa mpira, kuunyoosha msuli, kuchoma sindano isiyo na dawa, au kudunga dawa ya ganzi.

Neno kifundo hapa lina maana ya fundo dogo. Halihusu kifundo cha mguu. Wala nyuzi za msuli hazikufungana kama uzi wa cherehani. Fundo ni mfano tu wa kueleza kile ambacho vidole hukigusa.

Maumivu yanayohama

Jambo linalowachanganya wagonjwa, na wakati mwingine hata waganga wao, ni kwamba mahali panapouma si lazima pawe mahali penye tatizo. Mtu anayeumwa bega upande wa mbele anaweza kulipaka dawa ya kuchua kwa miezi bila nafuu, kumbe kifundo kiko nyuma, kwenye msuli uliolalia kombe la bega. Kifundo kilicho juu ya bega, pale inapokaa kamba ya begi, hupandisha maumivu ubavuni mwa shingo hadi kwenye panda la uso, na mgonjwa husema anaumwa kichwa. Kifundo cha msuli wa kutafunia huweza kuuma kama jino, na yako meno mazima yaliyong'olewa kwa sababu hiyo. Maumivu ya kisigino huweza kutoka kwenye kigimbi. Vifundo vya msuli mdogo wa tako hushusha maumivu pembeni mwa paja hadi karibu na mguu, yakafanana sana na yale ya neva kubwa inayobanwa kiunoni.

Kuhama huku kwa maumivu si ajabu ya misuli peke yake. Mtu mwenye shambulio la moyo huweza kuumwa mkono wa kushoto au taya. Neva za sehemu mbalimbali za mwili hukutana katika uti wa mgongo kabla habari haijafika kwenye ubongo, na ubongo hukosea kukisia habari hiyo imetoka wapi.

Historia

Mwaka 1938 daktari Jonas Kellgren, aliyekuwa akifanya kazi London, alichapisha matokeo ya jaribio rahisi: aliwadunga watu waliojitolea maji ya chumvi yenye nguvu ndani ya misuli, kisha akawauliza wanahisi maumivu wapi. Kila msuli ulikuwa na eneo lake la kupelekea maumivu, na mara nyingi eneo hilo lilikuwa mbali na sindano.

Aliyeifanya elimu hiyo ijulikane ni Janet Travell (1901-1997), daktari wa Marekani. Mwaka 1952 yeye na Seymour Rinzler walichapisha michoro ya maeneo ya maumivu ya misuli mingi, na michoro ya namna hiyo ingali inabandikwa katika vyumba vya tiba ya viungo. Travell alimtibu John F. Kennedy, aliyesumbuliwa na mgongo kwa miaka mingi, na mwaka 1961 akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa Marekani. Alimdunga dawa ya ganzi, akamwekea soli ya kuinua kiatu kimoja na kumshauri atumie kiti cha kubembea. Hata hivyo sindano zilikuwa nyingi mno, na madaktari wengine waliona rais alihitaji zaidi kuimarisha misuli. Mwishoni mwa mwaka huohuo Hans Kraus aliitwa kumfundisha mazoezi, na mgongo ukapata nafuu.

Mwenzake Travell katika kazi ya baadaye alikuwa David G. Simons (1922-2010), daktari wa jeshi la anga ambaye Agosti 1957 alipanda kwa puto hadi zaidi ya kilomita 30 juu ya ardhi. Kitabu chao kikubwa cha mwongozo wa vifundo kilitoka katika majuzuu mawili, la kwanza mwaka 1983 na la pili mwaka 1992.

Kinachodhaniwa kutokea ndani ya msuli

Maelezo yanayofundishwa zaidi yanatokana na Simons. Mahali neva inapokutana na uzi wa msuli hutolewa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huuamuru msuli ujikaze. Ikitolewa kupita kiasi, kipande kidogo cha msuli hubaki kimejikaza. Kwa kujikaza hubana mishipa midogo ya damu iliyo karibu, oksijeni hupungua, na nguvu ya kuulegeza msuli hukosekana, kwa kuwa msuli huhitaji nguvu ili kulegea kama unavyoihitaji ili kukaza. Kemikali zinazoamsha neva za maumivu hukusanyika hapo, na mzunguko huanza upya.

Kinachoanzisha mara nyingi ni kazi moja inayorudiwa, au kukaa kwa namna moja muda mrefu: fundi cherehani aliyeinamia mashine, dereva wa safari ndefu, mwanafunzi aliyeinamia simu. Ajali, baridi, kukosa usingizi na wasiwasi wa muda mrefu huongeza. Kama chanzo hakikuondolewa, kifundo kilicholegezwa leo huweza kurudi baada ya siku chache.

Matibabu

Njia ya kwanza na nafuu kuliko zote ni kubonyeza. Mgonjwa au mhudumu hutafuta kwa ncha za vidole ile kamba iliyokaza, kisha hufuata urefu wake hadi kwenye punje inayouma. Mbonyezo sahihi hutambulika mgonjwa anaposema kwamba hayo ndiyo maumivu yake ya kila siku. Hapo hubonyezwa kwa nguvu inayovumilika kwa takriban nusu dakika hadi dakika moja, mpaka uchungu upungue, kisha msuli hunyooshwa polepole. Kwa mgongo na tako, mpira wa tenisi uliowekwa kati ya mwili na ukuta unatosha. Kubonyeza hadi mtu akakunja uso na kuzuia pumzi hakuleti faida, kwa sababu msuli unaojihami hujikaza zaidi. Wakandaji wengi hukosea hapo. Kitambaa cha moto baadaye husaidia.

Kukanda kwa mafuta ya nazi na kupiga chuku ni tiba za kale katika pwani ya Afrika Mashariki, na watu wengi hupata nafuu kwazo. Tofauti ni kwamba mkandaji wa kawaida hushughulikia eneo zima linalouma, ilhali tiba ya vifundo hutafuta nukta moja, ambayo huenda iko mbali na hapo.

Daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia alieleza mwaka 1979 kwamba sindano yenyewe, hata bila dawa, huweza kuondoa maumivu ikigusa nukta sahihi. Sindano kavu sasa hutumiwa na wataalamu wa tiba ya viungo katika nchi nyingi. Si kazi ya kujifunza nyumbani: sindano iliyoingia mno kifuani au juu ya bega inaweza kutoboa utando wa pafu, na pafu likanywea.

Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza lakini haviondoi kifundo. Vikitumika kila siku kwa miezi, kama inavyotokea kwa watu wanaovinunua wenyewe kwenye maduka ya dawa, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Mjadala

Si wataalamu wote wanaokubali kwamba vifundo vipo kama vinavyoelezwa. Watahini wawili wanaompapasa mgonjwa mmoja mara nyingi hawakubaliani kifundo kiko wapi, na hiyo ni kasoro kubwa kwa ugonjwa unaotambuliwa kwa vidole. Mwaka 2015 John Quintner na wenzake waliandika kwamba nadharia hiyo haina msingi wa kutosha na kwamba uchungu wa mahali hapo huenda unatoka kwenye neva. Majaribio ya kubonyeza na ya sindano yanaonyesha nafuu ya muda mfupi kwa wagonjwa wengi, lakini mengi yalihusisha watu wachache, na ni vigumu kumdunga mtu sindano ya uongo bila yeye kutambua. Kwamba mbonyezo hupunguza maumivu ni jambo moja. Kwa nini unapunguza ni jambo lingine, nalo bado linabishaniwa.

Wakati tiba hii haifai

Kwa sababu maumivu huhama, ni rahisi kuita kifundo kile ambacho ni ugonjwa mwingine. Maumivu ya kifua au ya mkono wa kushoto yanayokuja na jasho au kukosa pumzi ni ya hospitali mara moja. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kukandwa hakutamsaidia mgonjwa bali kutamchelewesha. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukitoka bila hiari, neva za uti zinabanwa. Maumivu makali ya mwenye selimundu nayo yana matibabu yake.

Shingo haibonyezwi upande wa mbele, palipo na mishipa mikubwa ya damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu upesi, hivyo aulize daktari kwanza. Kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na kinachouma hakiguswi kabisa kabla ya kupimwa, maana huenda kina damu iliyoganda, na donge hilo likisukumwa huweza kusafiri hadi kwenye mapafu.