Injini Zilizoilisha Zambia Mafuta

Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao haramu. Mwezi uliofuata, mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia kwao yalikatwa. Zambia, nchi isiyo na pwani, ikaelekeza macho Dar es Salaam. Ndege za Uingereza na Kanada zilisaidia kubeba mapipa, lakini ndege peke yake haziwezi kulisha nchi nzima. Ilibidi malori yashike njia ya zaidi ya kilometa 1,500, vumbi kiangazi na tope masika. Njia hiyo ikapewa jina la Njia ya Jehanamu.

Hapo ndipo injini zilipopimwa. Injini ya petroli hutegemea cheche ya umeme, na maji yakiingia kwenye plagi na nyaya zake, gari huzimika. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, haihitaji cheche. Tena hula mafuta kidogo zaidi kwa mzigo uleule. Nalo si jambo dogo kwa lori lililotumwa kuleta mafuta.

Hata hivyo, dizeli nayo ina adui zake. Vumbi likipenya chujio la hewa husaga ringi za pistoni. Maji yakichanganyika na mafuta huharibu pampu na nozeli. Injini inayopozwa kwa maji hukwama rejeta ikitoboka. Ile inayopozwa kwa hewa, kama Deutz ya Ujerumani, haina rejeta, lakini mapezi yake yakizibwa na tope huchemka vilevile.

Mwaka 1966 Zambia na Tanzania, pamoja na wabia wa Kitaliani, ziliunda kampuni ya usafirishaji iliyotumia hasa malori ya Fiat. Injini ya Fiat 682 ilikuwa na silinda sita na ukubwa wa zaidi ya lita 10. Haikuwa ya mbio, bali ya kuvuta. Faida kubwa zaidi ilikuwa kwamba fundi alijifunza injini moja, na ghala likaweka spea za aina moja.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Mzigo wa malori ukapungua, lakini funzo lake halikupungua uzito kwa kikosi chochote chenye magari: injini ya kutegemewa ni ile ambayo fundi wake anaijua, chujio lake ni safi na spea zake zi karibu.