DAI: maana na matumizi

-dai kt [ele]. Dai nm [li-/ya-], wingi madai.
Minyambuliko: -daia, -daiana, -daiwa. Nomino za watu: mdai, mdaiwa.
Asili: Kiarabu. Neno *daawa* ni la ukoo huohuo. *Deni*, ingawa liko karibu kimaana, lina mzizi mwingine.

Maana

1. Taka kulipwa au kupewa kilicho haki yako. *Fundi anadai ujira wa siku tatu.*
2. Sema kwa mkazo kuwa jambo fulani ni kweli, ilhali halijathibitishwa. *Anadai kuwa shamba hilo aliachiwa na babu yake.*
3. (Sheria) Peleka mahakamani shauri lisilo la jinai. *Kesi ya madai. Hati ya madai.*

Ufafanuzi

Maana hizi zina kiini kimoja. Anayedai fedha hutaka alipwe. Anayedai jambo hutaka asadikiwe. Katika hali zote mbili mzigo wa kuonyesha haki u juu yake. Ndivyo ilivyo pia katika Sheria ya Ushahidi ya Tanzania: anayetaka mahakama imwamulie kwa kutegemea jambo analolisema, hana budi kulithibitisha. Kwa hiyo mwandishi anapoandika *anadai*, hupasha habari na papo hapo humkumbusha msomaji kuwa ushahidi bado unangojwa.

Kauli ya kutendwa ina utata. *Anadaiwa shilingi 50,000* ni habari ya deni. *Anadaiwa kuiba shilingi 50,000* ni habari ya shutuma. Sentensi kama *Mwenyekiti anadaiwa fedha za kijiji* humwacha msomaji njia panda. Iandikwe upya: *Wanakijiji wanadai kuwa mwenyekiti amechukua fedha za kijiji.*

Kauli hiyo pia humficha msemaji. *Inadaiwa kuwa walioiba mbuzi ni wakimbizi* ni sentensi sahihi kisarufi, lakini nani anadai? Msemaji akijulikana, atajwe. Asipojulikana, mwandishi ajiulize kama habari hiyo yastahili kuandikwa.

Maneno jirani

*-tuhumu*: kumdhania mtu kuwa ametenda kosa. Hulenga mtu, ilhali *-dai* huweza kuhusu jambo lolote.

*-shutumu*: kulaumu kwa ukali. Jambo lenyewe laweza kuwa limekwisha kuthibitika.

*-singizia*: kumbebesha mtu kosa asilolitenda. Mwandishi anayelitumia amekwisha kuamua kuwa maneno hayo ni ya uongo. Asilitumie kabla uamuzi haujatolewa.

*inasemekana*: habari imeenea, mwenyewe hajulikani.

*eti*: huonyesha mashaka au dharau ya msemaji. Halifai katika maandishi rasmi, wala halipaswi kuongezwa juu ya *-dai*.

Matumizi katika tafsiri: mfano wa Mtendeli

Uzito wa neno hili huonekana mahali ambapo maneno ya mtu ndiyo ushahidi pekee alio nao. Kambi ya Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, ilipokea Warundi kuanzia mwanzoni mwa 2016, kisha ikafungwa mwaka 2021 na wakazi wake kuhamishiwa Nduta. Mwanzoni Warundi walitambuliwa kuwa wakimbizi kwa ujumla wao, kama kundi. Januari 2017 Tanzania iliacha utaratibu huo, na tangu hapo kila mwomba hifadhi mpya alipaswa kupimwa kwa maelezo yake mwenyewe.

Katika mahojiano ya namna hiyo, Mrundi hutumia kitenzi *kuvuga*, yaani kusema. Linganisha tafsiri mbili:

(a) *Anasema alipigwa na watu wenye silaha.*
(b) *Anadai alipigwa na watu wenye silaha.*

Ya kwanza imehifadhi maneno yake. Ya pili imeyatilia shaka, na shaka hiyo imetoka kwa mkalimani, ambaye hakuulizwa maoni. Mwongozo wa UNHCR kuhusu uamuzi wa hadhi ya ukimbizi, uliotolewa kwanza mwaka 1979, unasema kuwa wajibu wa kuthibitisha kimsingi ni wa mwombaji, lakini kazi ya kutafuta na kupima ukweli ni yake pamoja na mhojaji. Neno *anadai* likirudiwa katika kila mstari wa faili, mzigo wote humrudia mwombaji peke yake.

Iwapo Mrundi mwenyewe ametumia *ngo*, kiungo kinachotambulisha maneno ya watu wengine, mkalimani aandike *aliambiwa kuwa* au *anasema alisikia kuwa*, kulingana na muktadha. Hapo tofauti ya kushuhudia na kusikia hubaki palepale alipoiweka msemaji.

Kanuni fupi

Tumia *-sema* au *-eleza* unapopokea maelezo ya mtu bila kuyapima. Tumia *-dai* pale ambapo kuna ubishi, au haki inatakwa, na pande zote ziandikiwe vivyo hivyo: si haki mkimbizi *adai* na askari *aeleze*. Jambo likithibitishwa, acha *-dai*. Mahakama haikudai, *imeamua*.