Wapolandi wa Kondoa

Wazee husema, Mwacha asili ni mtumwa. Lakini je, asili ikishikwa na watesi, mwenyewe afanyeje? Tazameni habari iliyotokea hapa karibu, Kondoa.

Mwaka 1939 Wajerumani waliivamia Polandi kutoka magharibi, na Warusi kutoka mashariki. Tangu 1940 Warusi walizichukua jamaa nyingi za upande wao, wakazipeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu katika baridi kali. Mwaka 1941, Wajerumani walipowageukia Warusi, watu hao wakafunguliwa. Wanaume wengi wakaingia jeshini. Wanawake na watoto wakapita Uajemi, na tangu 1942 wakaletwa Afrika ya Mashariki. Kambi iliyokuwa kubwa katika Tanganyika ni Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapata 5,000. Nyingine ilikuwa Kondoa.

Watu hawa waliililia nchi yao kama Wayahudi walivyoililia Sayuni huko Babeli. Waliwafundisha watoto lugha na historia ya kwao, ili siku ya kurudi wasiwe wageni. Vita ikaisha 1945. Lakini mwaka huohuo, katika mkutano wa Yalta, wakubwa walikubali mashariki ya Polandi iwe ya Warusi. Na serikali mpya ya Warszawa nayo ikawa chini ya mkono wao. Basi wengi waliokuwa wakihesabu siku wakakataa kurudi. Wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Wachache wakabaki Tengeru, wakazikwa huko.

Wakati huo Kenya alikuwapo Walter Zweig, Myahudi, mwanasheria wa Ujerumani, aliyemkimbia Hitler mwaka 1938. Jamaa zake waliobaki waliuawa. Hata hivyo, mwaka 1947 alirudi Ujerumani, akawa hakimu katika mji wa Frankfurt. Binti yake Stefanie alitoa kitabu cha maisha yao mwaka 1995.

Ni nani basi aliyeipenda nchi yake, aliyerudi au aliyekataa? Mimi nasema, wote wawili. Kwa maana nchi ni lugha ya mama na makaburi ya wazee. Tena nchi ni watu walioshika fimbo. Mtu aweza kuyalilia yale, na kuwaogopa hawa, katika moyo mmoja.

Wasomaji wapenzi, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo wamekuja kwetu mara nyingi. Tusiwe wepesi kumwuliza mgeni, "Mbona hurudi kwenu?" Kwanza tumpe kiti, tumsikilize.